Mtoto Huyu wa Farasi ni wa Nani?

(Mazungumzo haya yalitolewa na bwana mifugo mstaafu mbele ya wanakisomo na wafugaji, jioni, chini ya mwembe wa shule. Tumeyaandika kama alivyosema.)

  

Jumamosi iliyopita nilipita hapa nikiwa njiani kwenda mnadani. Nikakuta ubishi mkubwa. Kijana mmoja alikuwa amesoma kwa sauti kwamba huko Marekani farasi jike aliwahi kuzaa pundamilia. Mzee mmoja, simtaji jina lakini namwona anacheka pale nyuma, akasema, "Huo ni uongo wa karatasi. Mbuzi hazai kondoo." Wengine wakasema ni uchawi. Kisha mama mmoja akauliza swali ambalo nililipenda kuliko yote. Alisema, "Hata kama ni kweli, mtoto huyo ni wa nani? Ni wa aliyembeba au ni wa mwenye mbegu?"

Nikaahidi kurudi. Leo nimerudi, na ng'ombe wangu sikumuuza, bei ilikuwa mbaya.

Kwanza tumalize ubishi. Habari ile ni ya kweli. Ilitokea mwaka 1984 katika bustani ya wanyama ya mji wa Louisville, huko Marekani. Farasi jike wa kufugwa alizaa pundamilia mzima, mwenye milia yake yote, wa aina ile ile mnayomwona Serengeti. Lakini mzee wangu naye alisema kweli. Mbuzi hazai kondoo. Yule farasi hakupandwa na pundamilia dume. Mimba ilikuwa ya pundamilia baba na pundamilia mama. Ilipokuwa bado changa kabisa ilitolewa kwa mama yake, ikawekwa ndani ya farasi. Farasi akaibeba, akaizaa.

Sasa mtauliza, watu wazima wenye akili zao wanahangaika hivyo kwa nini? Mimi nitawaeleza habari ya farasi, maana huko ndiko kazi hii inakofanyika sana, na huko ndiko utaona faida yake na hasara yake.

FARASI WALIOBAKI WACHACHE

Sisi hapa farasi tunawaona kwenye picha tu. Si kwa sababu babu zetu walikuwa wajinga. Ndorobo huwaua farasi. Tena kuna tauni ya farasi iletwayo na wadudu wadogo kama usubi. Farasi akiupata ugonjwa huo, mara nyingi hufa kwa siku chache. Pundamilia anao huo ugonjwa mwilini wala haugui. Basi nchi yetu ikawa ya pundamilia, punda na ng'ombe.

Lakini kwenye nchi za baridi farasi ndiye aliyelima. Mashariki ya Uingereza kuna jimbo linaloitwa Suffolk. Udongo wake ni mfinyanzi, mzito, unashika plau kama nta. Wakulima wa huko walifuga farasi wao wa kulimia, naye anaitwa Suffolk kama jimbo lenyewe. Ni mnyama mnene, mwenye shingo kubwa, na uzito wake hukaribia tani moja. Rangi yake ni moja tu, nyekundu ya kahawia. Ukiona Suffolk mweusi, ujue umedanganywa. Na Suffolk wote walio hai leo, ukifuata upande wa baba zao, unafika kwa dume mmoja aliyezaliwa mwaka 1768. Mwaka 1877 wafugaji walianzisha chama cha kuwatunza. Kila mtoto anaandikwa kitabuni, baba yake nani, mama yake nani. Hiyo ndiyo maana ya kusema mnyama ni wa damu safi. Si kwamba damu yake imeoshwa. Maana yake ni kwamba ukoo wake unajulikana na haukuchanganywa.

Halafu likaja trekta. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wakawaacha farasi. Trekta halili nyasi siku ya Jumapili. Farasi wengi wakauzwa kwa wachinjaji. Mwaka 1966 watoto wa Suffolk walioandikwa kitabuni walikuwa 9. Nasema tisa! Hata zizi la mtu mmoja hapa kijijini linazaa zaidi. Na kwa kawaida karibu nusu ya watoto ni madume. Toa hao, umebaki na mitamba mingapi?

Msiwacheke Waingereza. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana kazini nilipita vijijini na koleo la kuhasi. Nilihasi madume ya asili, nikiwaambia wazee kwamba dume la kisasa linakuja. Kuna mzee alinisihi nimwachie dume lake moja, jekundu, lenye nundu kubwa. Aliniambia kwamba mwaka wa ukame ng'ombe wa uzao ule walikula majani ya miti wakapona. Nilimwambia asirudi nyuma. Nikalihasi. Mpaka leo nikipita kwenye boma lile najifanya nina haraka.

Basi, hao Suffolk wakabaki wachache. Sasa hesabu inakuwa ngumu. Farasi jike hubeba mimba miezi 11. Huzaa mtoto mmoja. Pacha kwa farasi ni balaa, mara nyingi wote wawili hufa. Kwa hiyo jike mzuri sana, akienda vizuri kila mwaka, atakupa mtoto mmoja kwa mwaka. Wengine ni wazee, wana mbegu nzuri lakini mji wa mimba umechoka, mimba haikai. Wengine waliumia miguu, hawawezi kubeba uzito. Jike wa namna hiyo akifa, anakwenda na ukoo wake. Hapo ndipo watu walipoanza kufikiri: je, mwingine hawezi kumsaidia kubeba?

JINSI KAZI INAVYOFANYIKA

Wataalamu wawili wa Japani, Oguri na Tsutsumi, ndio walioandika mwaka 1974 habari ya kuhamisha mimba ya farasi bila kumpasua mnyama. Njia yenyewe haikubadilika sana tangu hapo. Nisikilizeni polepole.

Wanatakiwa majike wawili. Mmoja ni yule wa ukoo adimu. Huyo tumwite mama wa mbegu. Wa pili ni farasi wa kawaida tu, hana jina kubwa, ila ana afya, ana mji wa mimba mzuri na ana maziwa. Huyo tumwite mama wa kubeba.

Jambo la kwanza ni siku zao. Farasi jike humtaka dume kila baada ya siku 21 hivi, majira yake yakifika. Majike hawa wawili lazima waende pamoja. Yai la mama wa kubeba linatakiwa liachie siku ile ile na la mwenzake, au siku moja kabla, au siku mbili tatu baadaye. Kama siku hazilingani, mji wa mimba unakuwa hauko tayari, na mgeni hatapokelewa. Ni kama kupanda mahindi, ndugu zangu. Mbegu inaweza kuwa bora namna gani, ukiitupa kabla ya mvua umeipoteza. Kwa hiyo daktari wa mifugo huwapima majike wote wawili kila mara, na huwachoma sindano ili siku zao zikaribiane.

Mama wa mbegu hupandishwa na dume wa ukoo wake, au hutiwa mbegu za dume kwa mrija kama tunavyofanya kwa ng'ombe. Yai likishika mbegu linakaa kwanza kwenye mshipa wake mwembamba wa uzazi. Kama siku ya 6 hivi linashuka kwenye mji wa mimba.

Hapa kuna ajabu moja ya farasi ambayo ng'ombe hana. Yai ambalo halikushika mbegu halishuki. Linabaki juu kwenye mshipa mpaka linaharibika lenyewe. Linaloshuka ni lile lenye uhai tu. Kana kwamba kuna mlinzi mlangoni anayeuliza cheti. Mimi nimesomea mifugo, nimeifanya kazi hii miaka mingi, na jambo hilo bado linanishangaza.

Siku ya 7 au ya 8 daktari anaingiza mpira laini kwenye mji wa mimba. Anapitisha maji safi ya moto kidogo, yaliyotiwa chumvi kiasi cha mwili. Lita moja au mbili, halafu anayatoa. Anarudia mara mbili tatu. Maji yanayotoka yanapita kwenye chujio dogo. Ndani ya chujio anatafuta kiinitete. Neno hilo msiliogope. Kiinitete ni mimba ikiwa bado changa kabisa, kabla haijawa na kichwa wala miguu. Siku ya 7 ni kidogo kuliko kichwa cha pini. Kinatafutwa kwa hadubini, kile chombo cha kukuza vitu vidogo. Kinaonekana kama tone la mviringo, jeupe, linalong'aa.

Kikipatikana kinaoshwa, kinavutwa ndani ya mrija mwembamba, na kinawekwa taratibu ndani ya mji wa mimba wa yule mama wa kubeba. Basi. Hakuna kisu. Kama mama wa kubeba yuko mbali, kiinitete kinaweza kuwekwa kwenye chombo cha baridi na kusafirishwa, mradi kifike ndani ya siku moja.

Kazi haijaisha. Kiinitete cha farasi kikishafika hakikai mahali pamoja. Kinazungukazunguka ndani ya mji wa mimba mpaka kama siku ya 16, kona hii na kona ile, kama mgeni anayepiga hodi nyumba zote. Kwa kuzunguka huko kinamjulisha mama kwamba mimba ipo. Asipojulishwa, mwili wake unasema hakuna kitu, na siku zake zinarudi.

Mama wa mbegu naye anachomwa sindano, anarudi kwenye majira yake, na kazi inaanza upya. Hivyo jike mmoja anaweza kupata watoto kadhaa kwa mwaka mmoja, kila mmoja tumboni mwa mama mwingine. Na yeye mwenyewe anaweza kuendelea na kazi. Huko Argentina, kwenye mchezo wa polo, farasi jike hodari anaendelea kukimbia uwanjani huku wenzake wanambebea watoto.

Nisiwapake mafuta machoni. Mara nyingi wanaosha wasipate kitu. Ng'ombe unaweza kumchoma dawa akatoa mayai mengi kwa mara moja. Farasi hakubali vizuri dawa hizo. Yeye ni yai moja, pengine mawili. Na jike mzee, yule ambaye ndiye unayemhitaji zaidi, ndiye anayekupa kidogo zaidi.

SWALI LA YULE MAMA

Sasa turudi kwenye swali. Mtoto huyu ni wa nani?

Hapa nani hajawahi kumwekea kuku mayai ya kanga? Unayaokota porini, unamwekea kuku aatamie. Siku zikitimia wanatoka vifaranga. Je, ni vifaranga vya kuku? La. Ni kanga. Manyoya ni ya kanga, miguu ni ya kanga. Kuku alitoa joto lake na siku zake. Mbegu hakutoa.

Kwa farasi ni hivyo hivyo. Mtoto anapata rangi, umbo la mifupa na ukoo wake kutoka kwenye yai na mbegu ya dume. Hayo yalikwisha kuamuliwa kabla hajahamishwa. Mama wa kubeba anampa hewa na chakula kupitia kondo la nyuma. Damu ya mama na damu ya mtoto zinapita jirani jirani, kila moja kwenye njia yake, hazichanganyiki. Kwa hiyo mtoto wa Suffolk aliyebebwa na farasi wa kawaida ni Suffolk. Akija kuzaa, atazaa Suffolk.

Hata baghala amewahi kutumika. Baghala ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Wengine humwita nyumbu, lakini si nyumbu wa Serengeti. Tangu zamani baghala anajulikana kuwa ni tasa. Mwaka 1985 wataalamu wa Marekani na Uingereza waliandika kwamba wamewapandikiza baghala viinitete vya farasi na vya punda, nao wakazaa. Tasa amezaa, ingawa mtoto si wa mbegu yake.

Lakini si kila tumbo linapokea kila mgeni. Kiinitete cha punda ukikiweka kwa farasi, mara nyingi mimba inatoka kati ya siku ya 80 na ya 95. Kiinitete cha farasi ukikiweka kwa punda, kinakaa. Msiniulize kwa nini mmoja ni mkarimu kuliko mwingine. Nikianza kueleza tutalala hapa.

Hata hivyo, mama zangu, msidhani tumbo halina neno kabisa. Mwaka 1938 wataalamu wawili wa Cambridge, Walton na Hammond, waliandika habari ya jambo hili. Walichukua farasi wakubwa sana wanaoitwa Shire na farasi wadogo sana wanaoitwa Shetland, wakawachanganya. Baba Shire na mama Shetland. Kisha kinyume chake, baba Shetland na mama Shire. Mchanganyiko ni ule ule, nusu kwa nusu. Lakini mtoto aliyebebwa na mama mkubwa alizaliwa na uzito kama mara 3 ya yule aliyebebwa na mama mdogo. Tumbo dogo lilimzuia mtoto, asije akamuua mama yake. Miaka mingi baadaye, huko huko Cambridge, walihamisha viinitete vya farasi wakubwa kwenda kwa wadogo, na vya wadogo kwenda kwa wakubwa. Tofauti ya ukubwa ilionekana hata watoto walipofika miaka 3.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ukoo ni wa mwenye mbegu. Lakini afya ya kuzaliwa, na ukubwa kwa kiasi fulani, na maziwa, na malezi, hayo ni ya aliyembeba. Ukimwekea Suffolk wa tani moja farasi mdogo dhaifu, umejidhulumu.

VITABU VINAVYOKATAA

Si wafugaji wote wanaokubali kazi hii. Wale farasi wa mbio wanaoitwa Thoroughbred, kama wanaokimbia uwanja wa Ngong kule Nairobi, sheria yao ni kali. Dume lazima ampande jike kwa miili yao wenyewe, na jike aliyeshika mimba ndiye huyo huyo azae. Mtoto wa kuhamishwa haandikwi kitabuni, hata awe na mbio kama risasi. Farasi wa Kiarabu wanakubaliwa kwa masharti ya vyama vyao.

Watu wengine wanaona Thoroughbred wana wivu wa biashara. Mimi nadhani wana hoja, ingawa si ile wanayoitaja kila siku. Hoja yenyewe ni hii. Mkipewa chombo cha kuzidisha, mtamzidisha nani? Kila mtu atamtaka yule jike aliyeshinda, yule mwenye jina. Atazaliwa watoto 20, 30. Wengine wataachwa. Baada ya miaka kadhaa zizi limejaa, lakini wote ni ndugu. Unapata wingi wa vichwa, ukoo unazidi kuwa mwembamba. Sisi wenyewe tunajua ndugu wakioana kinachotokea, ndiyo maana tuna mila zetu za kuuliza, "Huyo binti ni wa ukoo gani?" kabla ya posa.

Kwa farasi adimu hilo ndilo shauri kubwa. Kiinitete kinachofaa zaidi si cha yule mzuri kuliko wote. Ni cha yule ambaye hana watoto, ambaye damu yake haipo kwa mwingine. Pengine ni jike mwenye umbo la kawaida, amesimama nyuma ya zizi, hakuna anayempiga picha. Mfugaji anatakiwa asome kitabu cha ukoo kwa makini aone nani anapotea. Bila kitabu kile hadubini haimsaidii. Na hilo nalisema mbele ya wanakisomo kwa kusudi.

FARASI ALIYETOKA KWENYE BARAFU

Nimalizie na farasi-mwitu wa Mongolia, mbali sana, kaskazini ya nchi ya China. Wenyeji wanamwita takhi. Ni mfupi, rangi ya mchanga, nywele za shingo zimesimama kama brashi. Hakuwahi kufugwa kama farasi wetu wa kawaida. Porini alionekana mara ya mwisho mwaka 1969, baada ya hapo akawa amekwisha. Waliobaki walikuwa kwenye bustani za wanyama, nao wote walitokana na farasi-mwitu 12 waliokamatwa porini, pamoja na damu kidogo ya farasi wa kufugwa aliyechanganywa nao huko Ujerumani mwaka 1906. Wakazaa na kuzaliana, na mwaka 1992 wakaanza kurudishwa kwao Mongolia. Sasa wanakimbia huko tena.

Lakini kutoka watu 12 ukajenga taifa, unaona mwenyewe shida yake. Sasa sikilizeni. Mwaka 1980 huko Marekani watu wenye busara walichukua kipande kidogo cha mwili wa dume mmoja aitwaye Kuporovic, wakakigandisha kwenye baridi kali. Urithi wa dume yule ulikuwa unapotea. Akafa mwaka 1998. Baada ya miaka 40 tangu kugandishwa, waliichukua seli yake, yaani chembe moja hai. Walitoa kiini cha yai la farasi wa kufugwa, wakaiweka chembe ile mahali pake. Ikawa kiinitete. Wakamwekea farasi jike wa kufugwa. Tarehe 6 Agosti 2020, huko Texas, akazaliwa dume. Wakamwita Kurt. Mwaka 2023 akazaliwa mwingine kutoka dume yule yule.

Huyu si mtoto wa Kuporovic hasa. Ni kama pacha wake aliyechelewa miaka 45. Na hapo kwenye yai kuna jambo dogo. Ganda la yai la farasi wa kufugwa lilibaki na urithi kidogo sana wa kwake, ule ambao hurithiwa kwa mama tu. Basi Kurt anao mwilini. Lakini kwa kuwa ni dume, hatawapa watoto wake.

Mnakumbuka kanga niliowataja? Vifaranga wa kanga waliolelewa na kuku wanajifunza kufukua kama kuku. Kurt naye alilelewa na farasi wa kufugwa. Mbegu yake ilikuwa ya porini, lakini lugha ya porini hakuijua, namna ya kusimama mbele ya mkubwa wako, namna ya kutishia bila kupigana. Ilibidi awekwe pamoja na jike mdogo wa jamii yake ili amfundishe. Mzee wangu, umetikisa kichwa. Nami nilitikisa.

Na mkidhani haya ni ya mbali tu, jirani zetu Kenya wako katikati ya kazi kama hiyo. Kule Ol Pejeta, karibu na Nanyuki, dume wa mwisho wa faru mweupe wa kaskazini, Sudan, alikufa tarehe 19 Machi 2018. Wakabaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu, na hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba. Mwezi wa Septemba 2023 walijaribu kwanza kwa kiinitete cha faru wa kusini, kwa mama wa kubeba wa kusini. Mimba ikashika. Lakini mvua kubwa zilifukua vijidudu vya ardhini, mama yule akaugua, akafa. Walipomfungua walikuta mtoto dume wa siku 70, urefu wake sentimita 6.4. Alikuwa anakua vizuri.

Hapo ndipo mnaona kwa nini nilisema habari ya dume jekundu nililolihasi. Hakuna aliyegandisha hata unyoya wake.

Haya, naona mkono. Sema, mama.

(Mama mmoja aliuliza: "Na huyo aliyebeba, je, anajua kwamba mtoto si wake?")

Hajui, mama. Anamlamba akizaliwa. Anamnusa, anamwita kwa sauti ya chini, anampa maziwa ya kwanza. Mbwa akisogea, anampiga teke. Nimesoma habari nyingi za kazi hii na kila mahali wameandika jina la mama wa mbegu, jina la dume, mwaka, na kitabu cha ukoo. Jina la aliyebeba mara nyingi halimo. Baada ya miezi 5 au 6 mtoto anaachishwa na kupelekwa kwenye zizi lake. Jike anaita siku mbili tatu. Halafu anapimwa tena, na kama mwili wake ni mzima, anawekwa kwenye foleni ya mwaka unaofuata.